Nyota Tatu

Kazi yangu ni kuandika kila kinachosemwa
katika ukumbi wa Tume, Gatineau, upande huu wa mto.
Nje theluji imewafika magari magotini.

Leo wanabishania bei ya jumla:
kampuni yenye nyaya imtoze kiasi gani
yule asiye na waya hata mmoja
ili sauti ya mteja wake ipite
kutoka kabati la barabarani hadi soketi ya ukutani.

Wakili wa kampuni kubwa anataja kiasi.
Mwenyekiti anainua kidole: hiyo ni siri ya biashara.
Nakifuta. Naweka nyota tatu.
Gharama ya mfereji, nyota tatu.
Faida inayostahili, nyota tatu.
Kufikia saa nne asubuhi
ukurasa wangu umekuwa usiku usio na mawingu.

Kisha anaitwa Ghislaine Arsenault,
ametoka pwani ya Gaspésie, saa kumi ndani ya basi,
ana wateja mia sita na kumi na wawili
na kipande cha waya wa shaba ndani ya leso.

“Sikatai kulipa,” anasema.
“Mwenye njia ana haki yake.
Ila nikodisheni njia, msiniuzie mlima.

Laini ikikatika kwa mzee Onésime Babin
matusi nayapokea mimi,
na kabati siruhusiwi kulifungua.
Namwomba mwenye waya. Mwenye waya huja
kati ya saa mbili na saa kumi na moja,
siku anayoijua yeye na Mungu wake.
Akishatengeneza, anamwachia Onésime karatasi ya rangi:
*Hamia kwetu, hutangoja tena.*”

Naandika, kwenye mabano: (Kicheko.)
Yeye hakucheka. Hilo halina alama yake.

Wakili anauliza, kwa adabu iliyopigwa pasi,
kama shahidi anajua gharama
ya kusimamisha nguzo moja kwenye mwamba.

“Najua. Baba yangu ndiye aliyezisimamisha.
Majira ya baridi ya mwaka hamsini na nane,
baruti, nyundo, na farasi aliyeitwa Prosper.
Nusu ililipwa na hazina ya umma.
Nusu sijui.
Yeye alitoa vidole viwili.”

Wakili: hilo halimo katika hesabu ya gharama,
anaomba lisiingie kwenye kumbukumbu.
Mwenyekiti anatazama saa, anakubali.

Ghislaine anakunja leso yake.
“Basi na vidole viwekeeni nyota.”

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu.
Sijawahi kuongeza neno, wala kupunguza.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne
una nyota mbili.
Hakuna aliyeuliza ya tatu iko wapi.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi kumi na tisa,
Ijumaa, jioni, watu wakishavaa makoti.
Aya mia moja na sita.
Bei ya jumla imeshuka
kwa dola moja na senti themanini kwa laini, kwa mwezi.
Kabati lifunguliwe ndani ya siku mbili za kazi.
Karatasi za rangi zimepigwa marufuku.
Kila alichokiomba, karibu kila alichokiomba,
kimo humo, kwa lugha ambayo asingeitambua.

Sheria inataka nakala iwafikie mashahidi wote.
Nikapiga simu ofisini kwake kuhakiki anwani.
Ililia mara nne.
Ikaitika sauti laini, iliyorekodiwa,
ikanishukuru kwa kuichagua kampuni kubwa,
ikasema wateja wote wa Bi. Arsenault
sasa wako nyumbani.

Nikashikilia mkono wa simu.
Nyuma ya muziki wao nilisikia mkwaruzo,
mdogo, wa shaba kuukuu kwenye baridi,
ukija kutoka nguzo hadi nguzo.
Kwenye daftari langu mwenyewe, si la Tume,
niliandika saa, tarehe,
na nyota moja.