Kipande cha Kusubiri

Mimi nilikuwa karani wa tiketi, stesheni ya Kigoma.
Si kweli. Kwa kweli nashona sare za shule pale Mwanga,
lakini Gwimile alisema uso wangu unaficha jambo
na mchezo wake ulitaka uso wa namna hiyo.

Mchezo wa kompyuta, alieleza, wa watu wa nyama na damu,
si vikatuni: mchezaji anashuka treni usiku,
sanduku lake halionekani,
anabofya swali, nasi tunajibu.
Basi kila swali likadai jibu lake
na kila jibu likadai uongo wake.
Nikasema "Sijaliona" mara kumi na tisa:
sijaliona la kweli, sijaliona la woga,
sijaliona la mtu aliyekwisha kula hela.

Ntakije alikuwa kuli. Yeye alikufa mara sita.
Mara moja kwa kisu cha mbao kilichopakwa rangi ya fedha,
mara mbili gatini, majini,
akitoka anatetemeka, anacheka, anadai chai.
Damu yake ilikuwa mawese na rangi ya keki;
inzi wakamsindikiza mpaka nyumbani Katubuka,
na mkewe, Mwasiti, akaja kuniuliza:
"Hivi wanamlipa kwa siku
au kwa kifo?"

Siku ya mwisho Gwimile akasema, leo tunarekodi kusubiri.
Kusubiri nini?
"Mchezaji akiwa anafikiri, ninyi mtafanya nini?
Hamwezi kuganda kama picha ya kitambulisho.
Pumueni. Mtazameni kama watu wasio na haraka.
Mwisho urudi pale ulipoanzia,
mshono usionekane."
Mshono! Hapo nikamwelewa.

Sekunde arobaini nyuma ya dirisha la tiketi
nikapanga sarafu, nikazipangua.
Ntakije akaegemea toroli,
akajikuna shingo, akatazama reli
pale inapokoma na majani kuanza,
akarudisha macho kwa kamera. Akameza mate.
Hakuna aliyemfundisha kumeza mate.

Kisha barua, mistari miwili: mradi umesitishwa.
Gwimile aliisoma tumesimama kama watu wa msibani.
Rudisheni sare za reli, akasema.
Nilizishona mimi; nikazirudisha kwangu mwenyewe,
zikawa kaptura za darasa la kwanza.

Miisho ilikuwa saba, yote tuliirekodi.
Katika mmoja sanduku linapatikana,
ndani mna nguo za mtoto tu.
Katika mwingine mwizi ni mimi,
na hadi leo hakuna mtu aliyenikamata.

Mwaka juzi Ntakije alikufa mara ya saba,
kifo ambacho hakuna aliyekiandika:
homa, siku nne, wodi ya Maweni.
Siku ya arobaini yake, sufuria zikiwa bado zinaoshwa,
Gwimile akaja na kompyuta kwapani
na diski inayolia kama cherehani isiyotiwa mafuta.
Faili zimeharibika, akasema, akitazama chini.
Vifo vyote sita, havipo.
Majibu yake, hayapo.
Kimepona kipande kimoja.

Tukakizunguka kioo.
Anaegemea toroli. Anajikuna shingo.
Anatazama reli, anarudi, anameza mate,
anaegemea toroli.
Nilitafuta mshono kwa jicho la kazi yangu;
sikuuona.

"Anasubiri nini?" Mwasiti akauliza.
"Swali," Gwimile akajibu.

Mwasiti akafuta mikono kwenye kanga,
akasogeza kigoda mpaka mwanga wa kioo ukamgusa kidevu,
akasema taratibu, kama anayemwamsha mtu:
"Ile baiskeli ulimpa nani?"

Ntakije akajikuna shingo,
akatazama reli.