Kalamu ya Risasi

Jumamosi saa nane, nyuma ya duka la fotokopi la Gwamaka,
hapa Tukuyu, tulikuwa saba na viti vitano.
Tusajigwe alikalia ndoo ya rangi.
Ndoo haina mgongo, alisema,
haimruhusu mtu kusinzia kwenye hadithi ya mwenzake.

Mvua ikianza, na huku mvua haibishi hodi,
bati hulinyakua neno mdomoni.
Basi hatusomi kwa sauti. Tunabadilishana madaftari,
kila mmoja anaingia kwenye mwandiko wa mwingine
kama anayeingia jikoni kwa watu,
taratibu, akinusa kilichoinjikwa.

Waliniita Mwalimu. Sikukataa.
Nilikuwa na vitabu viwili vilivyochapwa,
kimoja bado kimejaa uvunguni mwangu,
na kalamu nyekundu.

Ambakisye alikuja mwezi wa tatu,
ncha za vidole nyeusi kwa utomvu wa chai.
Hadithi aliiandika nyuma ya stakabadhi za mizani:
upande huu kilo kumi na nane, kilo ishirini na moja,
upande wa pili baba
anayerudi kutoka Chunya bila dhahabu.
Niliisoma mara moja. Nikafyeka.
Stakabadhi ya tatu, ya nne, ya tano:
mtu amekaa kizingitini
anavua viatu, anavivaa, anavivua tena.
Pembeni nikaandika, *Hapa hakuna kinachotokea.*

Hakurudi.
Wiki ya kwanza nikasema, ni msimu, majani hayasubiri.
Ya pili nikasema, kijana ana kiburi.
Ya tatu Tusajigwe alinitazama kutoka kwenye ndoo yake,
asiseme kitu.

Nikaenda Katumba kwa miguu, tope hadi vifundoni.
Mama yake alinipa ndizi na maziwa ya mgando,
hakuniuliza nimefuata nini.
Alinyanyua taa juu ya kabati, akazitoa zile stakabadhi,
akafunua palepale penye wekundu.
"Hapa," akasema, "ndipo alipo baba yao.
Kwingine kote ni maneno.
Usiku ule alivua viatu mara tatu.
Mtoto alikuwa na miaka sita. Nilidhani amelala."

Jibu nilikuwa nalo. Mwalimu hakosi jibu.
Nikalimeza pamoja na ndizi.

Siku hizi natumia penseli.
Tusajigwe anaiita kwa jina la kizamani, kalamu ya risasi,
kisha anacheka peke yake:
yenye jina la kuua haijamwangusha mtu,
ile yenye rangi ya waridi
tulikwenda kuifanyia matanga Katumba.
Nachora mstari mwembamba, naweka alama ya kuuliza,
kifutio namwachia mwenyewe.

Ambakisye amerudi. Hakusema amenisamehe.
Alichukua shairi langu, nililodhani limeiva,
akalisoma mara mbili, midomo ikitembea,
akaniambia mstari wa mwisho unatembea kwa mkongojo
na miguu unayo.

Nikabisha. Nikabisha hadi chai ikapoa.
Viti bado vitano, nasi tuko tisa;
wote walikuwa wakinisikiliza nikibisha.

Halafu mvua, juu ya bati, bila hodi.
Nikamwomba kifutio.