Jumatatu Kwenda, Alhamisi Kurudi

Nilimkatia tiketi yake ya kwanza mwaka ule
kura zilipochelewa siku mbili kwa upepo,
masanduku yamelala ghalani kwa Seonag
juu ya magunia ya chakula cha kondoo,
na polisi wetu mmoja amelala juu ya masanduku.
Alishinda kwa kura sitini na mbili.
Hallasay nzima ilijua sitini na mbili ni akina nani;
wale wengine walimpa mkono vilevile.

Fearchar Beaton, mwana wa msusi wa vitambaa,
koti la marehemu baba, mikono yake imemfunika vidole.
Jumatatu kwenda, Alhamisi kurudi.
Feri ya saa tano, basi, treni ya usiku,
na London alfajiri, miguu bado inayumba.

Alibeba nini? Mfuko niliuona mimi.
Barua ya Oighrig kuhusu daktari wa mifugo.
Ombi la shule yenye watoto saba,
sita mwaka uliofuata, kisha wanane:
pacha wa Ciorstaidh waliiokoa kuliko hotuba yoyote.
Chupa ya maji ya bomba letu, rangi ya chai,
akaitua mezani kwa waziri.
Waziri akauliza, "Hii ndiyo wiski ya kwenu?"

Usiku mmoja alisimama kusema, saa tano na nusu,
viti vitupu, karani anaficha miayo,
dakika kumi na nne juu ya gati letu.
Sisi tulikuwa jikoni, redio inakwaruza.
Mama alihesabu kwa mishono ya soksi:
"gati" mara ishirini na moja.
Likajengwa baada ya miaka tisa.
Bamba la shaba lina jina la mtu mwingine.

Sisemi alikuwa malaika.
Mwaka wa mgawo wa samaki chama kilimvuta kando,
naye akapita nao mlango wa Ndiyo.
Boti kumi na moja zikabaki nne.
Hakuna aliyemtukana, hatuna desturi hiyo.
Ila Alhamisi ile alibisha nyumba kwa nyumba
na kila nyumba chai ndiyo kwanza imeisha.
Nyumba kumi na tisa.
Jumatatu nikampa tiketi, nikampa chenji,
neno sikumpa.
Kaka yangu alikuwa kwenye boti ya tano.

Tukamchagua tena. Usiniulize.
Hasira ya Hallasay ni moto wa mboji kavu:
hauna mwali, hauzimiki,
na sufuria linachemka juu yake.

Alipoangushwa hatimaye, aliyemshinda
alikuwa na picha nzuri
na hajawahi kutapika ndani ya feri.

Jana alikuja kibandani, mvua inapiga ubavuni,
nyuma ya lori la kondoo.
Nikamwambia meli imejaa.
Mfukoni bahasha imechungulia,
ile yenye kidirisha, ya hospitali ya bara;
naijua kama ninavyojua mwandiko wangu.
Kila safari tunaacha nafasi mbili za magari ya wagonjwa.
Kanuni aliipigania yeye, miaka minne,
hadi kwenye kifungu cha mwisho:
*kwa mgonjwa atakayeomba.*

Hakuomba.
"Basi ya kesho," alisema, akapandisha kola.

Nikatoka bila koti.
Nikaandika namba ya gari lake mstari wa kwanza.
"Nani ameomba?" akauliza.
"Kanuni yako ina kasoro," nikamjibu,
"washa injini."

Nikamkatia ya kwenda.
Ya kurudi aliitaka vilevile, kwa mazoea,
kidole kimeshaelekea Alhamisi.
Nikaigonga muhuri,
tarehe nikaiacha wazi.