Kutoka Nyuma, Mtihani ni Viatu

Mimi ni msimamizi. Nalipwa kwa saa
kutembea polepole kati ya safu za madawati
katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya Rochdale,
soli za mpira miguuni, mdomo umefungwa kwa sheria.
Watahiniwa mia moja na arobaini. Nyuso zao sizioni.
Kutoka nyuma, mtihani ni viatu.

Kiatu cha safu ya tatu, dawati la sita,
kilibandikwa gundi, na gundi imeachia.
Ndani yake yumo Kayden Butterworth, miaka kumi na sita.
Jana umeme wao ulikatika saa mbili na dakika kumi usiku;
najua, maana tumepakana na ukuta wetu ni karatasi.
Huku nako kuna luku, msicheke.
Wanainunua dukani kwa Bwana Iqbal, pauni tano tano,
na duka lilikuwa limeshafungwa.
Nikamsikia akishuka ngazi na kitabu.
Alisomea chini, penye taa ya mlango mkuu,
ile inayozimika kila baada ya dakika mbili
usipopunga mkono.
Aya moja, punga. Mlinganyo, punga.
Mpita njia angedhani mtoto anaaga mtu.

Dawati la saba ni Philippa. Sina kinyongo naye,
hunisalimu kwa jina langu lote, bila kulikata.
Ijumaa mimi husafisha kwao.
Meza yake ya kusomea ina dirisha la peke yake.
Mwalimu wa ziada huja Jumanne na Alhamisi,
anakunywa kahawa, anaacha kikombe,
na saa yake moja ni asubuhi yangu nzima.

Mnaweza kuanza.
Karatasi zikafunuliwa kwa mlio mmoja,
kama mtu anayepasua doti ya kanga.
Swali la tano: Elezea mahali ulipowahi kwenda ukapumzika.
Kalamu ya Philippa ikateleza: theluji, milima, farasi.
Kayden akatazama dari.
Bahari iko saa moja na nusu kwa treni. Hajawahi kuiona.
Sipaswi kusoma. Nilisoma.
*Maktaba, ghorofa ya pili, karibu na hita.*
Mstari mmoja chini: *Waliifunga Novemba.*
Kisha nafasi tupu, ndefu.

Saa nne na robo akainua mkono.
Nikaenda na karatasi ya ziada.
Hakuitaka. Mkono ulikuwa umepunga wenyewe,
mara moja, kuelekea taa ambazo hazikuwa na nia ya kuzimika.
Masikio yakamwiva. "Samahani," akanong'ona, "mazoea."

Chumba cha walimu kina chati ukutani,
nyekundu, njano, kijani, jina la kila mtoto ndani ya kisanduku.
Wanasema juhudi. Wanasema malezi.
Nami niliimbishwa hayo Muheza, penye nia pana njia,
asubuhi ileile niliyorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.
Hakuna aliyenitajia kwamba njia ina nauli.
Nilidhani umaskini wa namna ile
niliuacha uwanja wa ndege, pamoja na embe
walizoninyang'anya. Kumbe ulitangulia.
Ulikuwa na pasipoti ya hapa.

Mama yake Kayden hupanga maboksi ghalani, zamu ya usiku.
Msije mkasema hamjali mwanawe.
Juzi nilimkuta lifti imekufa, amekaa kwenye ngazi,
kofia ya kazi kichwani, akijaribu kuelewa
karatasi ya kemia ya mwaka jana.
"Hii ni O au ni sifuri?" akaniuliza.
Sikujua.

Sheria inamkataza msimamizi kumsaidia mtahiniwa.
Ndani ya ukumbi.
Leo, saa tatu kasoro usiku, nimesikia tena mlango wao,
tena ngazi, tena kitabu.
Nimejitanda shuka, nikashuka na chai yangu.
Hatukuzungumza. Nimekaa ngazi ya pili kutoka chini,
yeye akageuza ukurasa,
na kila taa ilipotaka kuzimika
nikawa napunga mimi.

Kesho ni fizikia.