Ukuta wa Nabintu

Chumba kimoja Kadutu, watu saba, mlango mmoja.
Nabintu amekata blanketi kuukuu na mabaki ya vitenge
kwa kipimo cha sahani ya bati:
kila kipande ndimi tatu, kila kipande matundu matatu.
Ulimi ukishaingia tundu hautoki ila kwa kuombwa.

Wa kwanza ulituaibisha. Matundu yalikuwa mapana,
ukamwangukia shemeji usiku,
tukacheka hadi jirani akagonga mbao.
Akayapunguza kwa upana wa ukucha.

Sasa unaning'inia toka boriti hadi sakafu,
bila uzi, bila msumari wa kumuudhi mwenye nyumba.
Dada alipofika toka Walungu na wanawe
tuliongeza safu mbili, kona ikazaliwa.
Alipopata chumba chake Panzi
aliondoka na kona yake ndani ya beseni.

Kitambaa hakizuii sauti, Nabintu anajua:
kikohozi cha baba, Cikuru akinong'ona hesabu.
Jana alichomoa kipande kimoja, cha buluu,
usawa wa mto wa baba,
taa ya Cikuru imfikie.
Amekikunja chini ya sinia.
Hajasema lini atakirudisha.