Nyuzi za Saa Tatu Usiku

Redio yangu inaning'inia msumarini, Kanyenye,
pembeni ya kalenda ya ushirika wa tumbaku,
antena yake waya wa mwavuli uliokufa.
Jumatatu, saa tatu usiku, baada ya habari na bei ya mahindi,
mtangazaji akasafisha koo, akasema:
wiki nzima, wasikilizaji, ni matamasha.
Akalitafuna jina la mtunzi kwa tahadhari, kama mwenye mwiba wa sato ulimini,
akalitema nusu,
kisha fidla arobaini zikaingia kibandani mwangu bila hodi.

Januari hiyo. Sare za shule zimenifika shingoni.
Ndalahwa, kijana ninayemfundisha kazi, akasema,
"Fundi, zima huo msiba."
Nikamwambia pindo halishonwi kwa mdomo.

Muziki huo siujui. Nasema kweli.
Ila nyuzi nazijua:
uzi ukikazwa mno hulia kabla ya kukatika,
ukilegea hufanya vifundo chini ya kitambaa, usikoona.
Na mle redioni kulikuwa na mtu anakaza, anakaza,
hata nikaondoa mguu kwenye pedali, nikisubiri akate.
Hakukata.

Jumanne walisema mtunzi ni Mjerumani.
Nikaitazama njia iendayo Boma.
Babu alibeba mawe ya ukuta ule;
mgongo wake uliingia naye kaburini ukiwa bado umepinda.
Kumbe huko kwao kulikuwa na mtu amekaa dirishani
anaipanga huzuni kwa zamu, sauti nene kwanza.
Sikujua nimkasirikie nani.
Nikashona vifungo.

Jumatano umeme ulikatika mji mzima.

Alhamisi nikanunua betri nne kwa pesa ya mikate miwili.
Kipande kikaisha, au nilidhani kimeisha. Kimya.
Na ndani ya kimya hicho, mbali huko ambako sijui hata kuna saa ngapi,
mtu akakohoa.
Kikohozi kikavu, cha kifuani,
kama cha Sizya muuza asali, aliyezeeka na moshi wa mizinga.
Ndalahwa akacheka mpaka sindano ikamchoma.
"Kumbe nao wanaumwa!"
Tangu hapo hakusema tena msiba.
Makofi yalipoanza, yalikuwa maandazi ya jirani
yakitumbukia mafutani yote kwa mpigo.

Ijumaa siikumbuki vizuri. Nadhani ilikuwa piano, na mteja mlevi.

Jumamosi akaja Mihambo wa Ipuli, yule wa reli,
na kitambaa cheupe, mita nne,
na kamba ya katani yenye mafundo mawili:
bega, kisigino.
Vipimo vya mtu aliyelala.
Nikanyoosha mkono nizime redio. Akasema, "Acha."
Akakaa juu ya gunia la vipande, kofia gotini,
na mwanamke mmoja mle ndani akapandisha sauti
kwa maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua.
Treni ya Mpanda ikapiga honi juu yake. Hakuna aliyegeuka.
Nikalishona gauni la mama yake
polepole, mshono mara mbili,
kana kwamba litakuja kufuliwa.

Hakuuliza bei. Sikuitaja.

Jumapili, kabla ya tamasha la mwisho, matangazo ya vifo.
Mtangazaji yuleyule,
aliyepigana mieleka juma zima na majina ya wafu wa Ulaya,
akasoma: Nyanzala binti Kasubi, wa Ipuli, Tabora;
habari ziwafikie ndugu wa Nzega, Urambo na Sikonge,
na binti yake aliye Kaliua.
Hakukwama hata silabi moja.

Kisha akameza mate, niliyasikia,
akaanza kulitafuta tena jina gumu.
Ndalahwa akasogeza kigoda karibu na msumari.