Mpimaji Apimwa

Skellefteå, Januari. Jua lilichungulia saa tano,
likaona theluji, likarudi kulala saa nane.
Sisi tumo ndani, katika gereji ya zamani ya mabasi,
harufu ya dizeli bado imeng'ang'ania ukutani.
Mpira wangu unaruka hatua nne, unagonga turubai,
unadondoka kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Lakini kisanduku chekundu nyuma yangu kinaapa
kwamba umekwenda mita tisini na nne
ukapotelea kulia, katika msitu usiokuwepo.

"Tazama," asema Joar, mwalimu wangu,
kijana wa soksi zisizofanana.
"Njia ya fimbo: kushoto, nyuzi saba.
Uso wa fimbo: kushoto, nyuzi moja.
Mpira unafuata ugomvi wao."

Ugomvi wao!
Miaka kumi na tisa Alfhild, jirani yangu,
ananiambia inamisha kichwa, inamisha kichwa.
Nimekiinamisha hadi shingo ikazeeka kabla yangu,
na mpira ukaendelea kwenda kulia
kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Nikacheka. Kisha nikanuna.
Maana kwa miaka thelathini na mmoja
kazi yangu ilikuwa kupima magogo kiwandani.
Msonobari unapita juu ya mnyororo, sekunde nne,
nami natamka: kipenyo, mafundo, uozo, daraja la tatu.
Mzee Hedström alikuja siku moja, kofia mkononi.
"Mti ule aliupanda babu yangu."
Nikamjibu, "Babu yako simpimi. Napima gogo."
Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu.

Leo mimi ndiye niliye juu ya mnyororo.
Kasi, pembe, mizunguko kwa dakika,
yote yamepangwa kwenye skrini chini ya jina
MCHEZAJI WA PILI.
Hakuna safu ya goti lililopasuliwa Novemba,
wala ya usiku nilipofanya zoezi jikoni kwa mwiko
nikavunja taa.

Joar anaweka trei tupu ya mayai
upande wa pili wa mpira. "Usiiguse."
Naigusa. Trei yaruka mbali kuliko mpira.
Saba. Sita. Sita. Tisa.
Tisa! Kumbe mtu anaweza kujitahidi
hadi akaharibika zaidi.
Macho yangu yameganda kwenye skrini,
kabla hata mpira haujatua nimeshageuka
kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Basi akavua koti lake, akaifunika skrini.
"Sasa niambie wewe. Ngapi?"
"Nitajuaje?"
"Magogo ulijuaje?"

Nikanyamaza. Kweli, magogo niliyajua.
Kabla ya kipimo kushuka, kiganja kilishajua,
sikio lilishasikia gome likikwaruza chuma.
Nikapiga. Nikasikiliza nyonga,
nikasikiliza kiwiko kilivyopita karibu na ubavu.
"Nne," nikasema.
Akainua mkono wa koti: nne na nusu.

Tena. "Tano."
Tano.
Tena. "Nimeharibu. Nane."
Saba na nusu.
Tena, na safari hii mpira uliondoka
bila mikono yangu kupata habari,
sauti moja kavu, kama fundo likipasuka motoni.
"Mbili," nikasema.
Joar akashika koti. Nikamwambia, "Acha."

Nje ni baridi ya nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.
Nimekaa garini, nasubiri kioo kiyeyuke,
fimbo zimelala kiti cha nyuma.
Namkumbuka Hedström na kofia yake.
Mbona sikumwita hata mara moja?
Njoo, mzee, weka kidole hapa.
Hapa, karibu na kiini. Unasikia palivyo laini?
Uozo ulianzia hapa.